Sifa za Ziro

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, watu hukimbilia kuisifu divisheni wani. Inaalikwa studio, inapigwa picha na mzazi aliyevaa suti, inaulizwa siri ya mafanikio, nayo hujibu vilevile miaka nenda rudi: kumtanguliza Mungu, kusoma kwa bidii, ushirikiano wa walimu. Kwa ziro hakuna anayepeleka kipaza sauti. Mimi hilo naliona ni dhuluma, na kwa kuwa wakili hajajitokeza, kesi nitaisimamia mwenyewe.

Nianze na hesabu, maana huko ndiko ziro inakotukanwa zaidi. Mtahiniwa huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri kuliko mengine. A ni pointi moja, B mbili, C tatu, D nne, F tano. Mwenye A zote saba ana pointi 7, na hiyo ndiyo wani ya kutambiwa ukoo mzima. Ziro, kwa upande wake, ni pointi 34 au 35. Msomaji asome tena: 35! Kwenye Ligi Kuu, timu yenye pointi 35 haiwezi kukaa chini ya yenye pointi 7, hata refa awe mjomba wa mtu. Ni kwenye mitihani peke yake ndiko anayerundika pointi nyingi kuliko wenzake wote huambiwa hana kitu.

Tena ziro nayo ina matabaka. Fungua kwenye simu matokeo ya shule yoyote ya kata, ushuke nayo polepole. Kuna namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, divisheni, kisha masomo yote yamebanwa kwenye mstari mmoja: uraia F, historia F, jiografia F, Kiswahili D, Kiingereza F, baiolojia F, hisabati F. Jumlisha: 34. Ziro. Anayemfuata hana hiyo D ya Kiswahili, kwa hiyo yeye ni 35. Ziro. Hawa wawili hawalingani hata kidogo. Wa kwanza alipungukiwa na D moja tu, kwa sababu D mbili na F tano ni 33, na 33 ni divisheni foo, na divisheni foo ni kufaulu. D yenyewe huanzia alama 30 kati ya 100. Maana yake ni kwamba kijana aliyepata 30 ya Kiswahili na 30 ya uraia, na kwingine kote akaambulia kumi kumi, yumo kwenye ile asilimia ya ufaulu inayosomwa mbele ya waandishi wa habari. Aliyepata 30 na 29 yuko kwangu.

Msifiwa hutajwa na ukoo wake. Ukoo wa ziro, kwa hapa Tanzania, ni wa kisiasa. Serikali ya awamu ya nne ilipoingia, Waziri Mkuu Edward Lowassa alisukuma ujenzi wa shule za kata kwa nguvu ambayo hata wapinzani wake hawaibishi. Wananchi walichangishwa, wakasomba mawe na mchanga, na mtendaji wa kata ambaye madarasa yake hayajafika kwenye linta alikosa usingizi. Haikuchukua miaka mingi, sekondari nchini zikavuka 4,000. Sisemi ilikuwa kosa. Wapo madaktari leo waliotoka kwenye shule hizo, na bila hizo wangeishia la saba. Nasema tu kwamba jengo lilitangulia, na maabara, vitabu na mwalimu wa fizikia wakaambiwa watafuata. Vijana waliotoka kumaliza kidato cha sita wakapigwa msasa wa wiki chache na kutumwa kufundisha. Mtaa ukawabatiza jina la vodafasta. Mwanafunzi naye, baada ya miaka saba ya kusoma kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akakuta seli ya mmea inaelezwa kwa Kiingereza na mtu ambaye Kiingereza chenyewe kinampa jasho. Utepe ulikatwa, mheshimiwa akapiga picha, na ziro ikatungwa mimba siku hiyohiyo.

Ilizaliwa rasmi tarehe 18 Februari 2013. Wiki chache kabla, bungeni, mbunge James Mbatia alikuwa amewasilisha hoja binafsi kuhusu udhaifu wa elimu, na waheshimiwa wakabishana mpaka jasho likawatoka kama mtaala wa taifa upo au haupo. Kisha Waziri wa Elimu, Shukuru Kawambwa, akatangaza matokeo ya mtihani wa 2012: watahiniwa sita katika kila kumi wamepata ziro, zaidi ya vijana 240,000. Magazeti yakaandika msiba. Kilichowaudhi watu zaidi ni taarifa kwamba baadhi ya watahiniwa walijaza kwenye karatasi za majibu mistari ya bongo fleva, wengine wakachora.

Hapa naomba nisimame kidogo na hao vijana. Umekaa kwenye dawati, msimamizi anatembea nyuma yako, saa ya ukutani haisogei. Mbele yako kuna swali la lugha ambayo ulikutana nayo darasani tu, tena siku mwalimu alipokuwepo. Ungeweza kulala. Ungeweza kurudisha karatasi nyeupe. Badala yake ukaandika kitu unachokijua kwa ghibu, kwa mwandiko safi, beti kwa beti, bila kumpiga chabo jirani. Mtahini akitaka kujua mtoto huyu ameshika nini kichwani kwa miaka minne, jibu lilikuwa pale. Ni swali tu ambalo hakuna aliyelichapa.

Basi tuone ni wani gani iliyowahi kuitikisa nchi namna ile. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Mei, Waziri William Lukuvi akasimama bungeni kueleza kwamba matokeo yamefutwa: viwango vya alama vilivyotumika vilikuwa vipya, kwa hiyo yapangwe upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia. Yakapangwa. Hakuna aliyerudi darasani, hakuna mwalimu aliyeongezwa, hakuna kitabu kilichofunguliwa, na bado kufikia mwisho wa mwezi ule maelfu ya vijana waliolala wamefeli waliamka wamefaulu. Waganga wa kienyeji huomba kuku mweusi kwa kazi ndogo kuliko hiyo.

Serikali ilikuwa imeonja raha ya kurekebisha elimu kwa kalamu. Oktoba mwaka huohuo Profesa Mchome, ambaye sasa alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu, alitangaza kwamba divisheni ziro haitakuwepo tena, na mahali pake itakaa divisheni ya tano. Nchi ilicheka kwanza, ikakasirika baadaye. Divisheni ya tano haikuishi muda mrefu, masikini, lakini haikufa peke yake: matokeo ya 2014 yakaja kwa mfumo wa GPA, yenye nukta katikati, na wazazi wakawa wanauliza kama 1.6 ni nzuri au mtoto apelekwe hospitali. Mwanzoni mwa 2016 divisheni zikarudishwa, waziri akiwa Joyce Ndalichako, yuleyule aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani wakati yale matokeo ya 2012 yanatoka. Ziro nayo ikarudi mahali pake, haikudai fidia wala kuombwa radhi.

Wanahabari nao wanadaiwa shukrani na ziro. Kwa miaka mingi waliandika mitihani kama ligi: shule kumi bora, shule kumi zilizoburuza mkia, nani kapanda, nani kashuka. Kwa shule iliyoongoza walipeleka gari na kamera. Kwa iliyoburuza mkia walipeleka kichwa cha habari. Sijawahi kuona mwandishi akipanda basi la saa nane kwenda kuuliza shule ile ya mwisho ina walimu wangapi wa hisabati, ingawa swali hilo hujibika kwa vidole vya mkono mmoja na vingine hubaki. Januari 2023 Baraza lilipoacha kutangaza hizo kumi kumi, palikuwa na malalamiko kana kwamba ligi imefutwa katikati ya msimu.

Nije kwenye uadilifu, ambako ziro haina mpinzani. Aprili 2017, Rais John Magufuli alikabidhiwa Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi. Msomaji anaweza kukagua majalada yote hayo moja baada ya jingine, na hatakuta hata mmoja aliyeghushi ziro. Wani imeibiwa, tuu imeibiwa, thrii imechongwa kwenye vibanda vya steshenari kwa taa ya chemli. Ziro haijawahi kufojiwa na mtu. Ukiikuta, ujue ni halisi, na mwenyewe ameipata kwa jasho lake au kwa kukosa jasho la wengine.

Kuna kundi ambalo uhakiki ule haukuligusa: viongozi wa kisiasa. Serikali ilieleza, na kisheria ilikuwa sahihi, kwamba kwao kinachotakiwa ni kujua kusoma na kuandika. Ibara ya 67 ya Katiba inasema hivyo kuhusu anayegombea ubunge: awe na umri wa kutosha, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Kwa hiyo ziro, ambayo haiwezi kumpatia kijana nafasi ya kuwa karani wa masijala, haimzuii hata kidogo kumtungia sheria huyo karani. Huo ndio mlango mpana kuliko yote nchini, na nashangaa wazazi hawauhesabu wanapolia mbele ya ubao wa matangazo.

Siku hizi ziro inapungua. Matokeo ya 2024 yaliupandisha ufaulu juu ya asilimia 92, ingawa kwenye hisabati wanaofeli bado ni wengi kuliko wanaofaulu. Kwa watoto nimefurahi, wengi wamesoma kweli, na walimu wao wamehangaika kweli. Kwa wengine najiuliza tu ile D ya 30 inakwenda kufanya nini mtaani kwa jina la ufaulu, na kama haingekuwa heshima zaidi kukaa na sisi huku.

Wale wa 2012 sasa wamefika miaka thelathini. Wengi walirisiti, wakalipa ada ya mtihani mara ya pili na ya tuisheni juu yake. Wengine walishika pikipiki. Kampeni zikifika, waheshimiwa huwaita maafisa usafirishaji, na hakuna mgombea anayeingia jimboni bila msafara wao. Mratibu hupita kijiweni na daftari: lita mbili za mafuta kila mmoja, na fulana. Mwenye pointi 35 atauliza msafara unaishia wapi na mkutano unakwisha saa ngapi. Akishajibiwa hukaa kimya kidogo, anapiga hesabu bila karatasi: kilomita za kwenda na kurudi, abiria wa jioni atakaowakosa, tairi la nyuma.

"Lita tatu na elfu kumi mkononi, kaka, kabla hatujawasha. Fulana wape divisheni foo."