Sifa za Pikipiki Isiyowaka

Waliosifu farasi, jahazi na gari walikuwa na kazi nyepesi, maana walisifu vitu vinavyokwenda. Mimi nimekuja kuisifu Yamaha AG 100 kuukuu iliyoegemezwa ukuta wa ghala la mahindi huku Runyenjes, Kaunti ya Embu, na ambayo haiendi popote. Mara ya mwisho ilipowaka iliunguruma kiasi cha kumwamsha jirani, ikatoa moshi, ikazima, na mpaka leo imeshikilia msimamo wake. Nasema wazi kwamba kutoka mto Rupingazi hadi vilima vya Nyambene hakuna chombo cha usafiri kinachoishinda kwa ubora.

Tuanze na usalama. Barabara ya Embu kwenda Meru ikitoka hapa huvuka mto Thuci, ikapita Chuka, kisha ikateremka kwa kona kali hadi daraja la Nithi. Hapo mwezi wa Julai 2022 basi lilitumbukia bondeni, watu zaidi ya 30 wakafa, na halikuwa gari la kwanza. Mteremko huohuo vijana wetu wanaushuka kila siku, abiria wawili nyuma, mkungu wa ndizi mbele, breki moja ikifanya kazi ya mbili. Pikipiki yangu haina doa. Haijamgonga mtu, haijasimamishwa na trafiki, haijabeba abiria asiye na helmeti. Tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, ikitangaza bei mpya za mafuta, wenye pikipiki za Boxer hushika vichwa. Mimi namalizia chai yangu.

Wala usidhani ni ya ukoo duni. Ilibuniwa kwa kazi za shambani. Ina stendi kushoto na kulia ili isimame upande wowote wa mteremko, cheni yake imefunikwa yote isile matope, na ina keria mbele na nyuma. Wazee wa huku wanaikumbuka ikiwa chini ya afisa wa kilimo au daktari wa mifugo. Injini yake ni tustroku, inachoma oili pamoja na petroli, kwa hiyo moshi wa buluu ulionekana bondeni kabla ya afisa mwenyewe, na mkulima ambaye hakuwa amepogoa kahawa yake akapata nafasi ya kukimbilia makasi. Serikali gani leo inatuma onyo la mapema kiasi hicho?

Kisha mwaka 2008 VAT ikaondolewa kwa pikipiki zenye injini ya chini ya cc 250. Zikamiminika Boxer na TVS kutoka India, zikaja Skygo na Tiger kutoka China, na hizi za kale zikasukumwa nyuma ya nyumba. Sina ugomvi na Boxer. Unapiga kiki, inawaka, inakufikisha, inakurudisha. Lakini ni nani aliyewahi kuacha shughuli zake akasimama kuitazama Boxer inayowaka?

Sasa weka gunia chini, ufungue kabureta ya AG, uone. Ndani kuna jeti, kipande kidogo cha shaba ya njano kinachotosha kulala kwenye ukucha wa kidole gumba, na katikati yake kitundu ambacho hukioni mpaka ukiinue juani. Ukiona nuru, petroli itapita. Usipoiona, mabishano yanaanza. Fundi wangu huchomoa uzi mmoja wa waya wa klachi akakizibua. Mwalimu mstaafu wa jirani, aliyeendesha AG enzi zake, anapiga kelele kwamba uzi utapanua kitundu na injini itaanza kunywa mafuta. Kwake yeye dawa ni kupuliza kwa mdomo, hata ukionja petroli hadi jioni. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria barabarani anaingia uani kusema kosa liko kwenye plagi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu aliye likizo ameshatoa simu atafute video. Mpaka jeti irudi mahali pake, uani pana watu wa vizazi vitatu, chai imepikwa mara ya pili, na habari ya nani anauza shamba imeshapita mikono yote.

"Mzee," fundi ananiambia akipangusa mikono, "hii ni ya kuwaka. Ila si leo."

Tangi nalo lilikuwa na kutu ndani. Tulilitia kokoto za mtoni na maji, tukawapa watoto walitikise. Walitikisa wakiimba, wakagombania zamu, na maji yakatoka mekundu kisha ya kahawia kisha meupe. Hakuna mtoto aliyegombania zamu ya kupalilia maharagwe.

Ekzosi ya tustroku huziba kwa masizi. Ukichomoa bomba lake la ndani na kulilaza kwenye makaa mpaka liwe jekundu, kisha ukaligonga, hutoka magamba meusi mengi ajabu. Kazi hii haifai kufanywa jikoni. Mama watoto alisema jambo hilo kwa sauti iliyofika kwa mwalimu mstaafu.

Kuna wanaolalamika kwamba vipuri vyake havipatikani. Hao hawajaelewa neema. Mwenye Boxer hununua spea dukani kwa jirani, basi, amekufa bila kuijua nchi yake. Mimi, kwa ajili ya balbu ya volti 6, nimejuana na wenye maduka Embu mjini, Nkubu, Makutano na Gakoromone. Huko Maua muuzaji mmoja, shavu limejaa miraa, alinitazama kwa huruma, akasema, "Hiyo hatuna, mzee, lakini kuna mtu Kangeta ana AG nyuma ya banda la mbuzi." Nikapanda bodaboda hadi Kangeta. Mwenye AG alinipokea kwa furaha kubwa na uji, kwa sababu alidhani nimekuja kumuuzia yangu. Tuliagana marafiki, kila mmoja akimsifia mwenzake pikipiki isiyowaka. (Nauli zote hizo, ndiyo, nimewalipa wenye Boxer. Uchumi ni lazima uzunguke.)

Na kwa kuwa vya asili havipatikani, AG yangu imepambwa kwa vya wengine. Shoku za nyuma ni za Boxer, taa ya mbele ni ya TVS, indiketa ni za China, na kiti kimeshonwa upya Meru na fundi wa viti vya matatu, ngozi bandia nyekundu yenye mshono mweupe. Nchi hii imeona serikali ya nusu mkate mwaka 2008, na miaka ya karibuni tumeambiwa kuna serikali jumuishi. Sijaona mseto uliokubaliana kama huu. Japani, India na China wamekaa kwenye fremu moja, hakuna anayedai wizara, na wote kwa kauli moja wamekataa kwenda kazini.

Vijana wameshauri nyongeza: mwavuli, redio, taa za rangi kwenye spoki. Nimekubali stika tu.

Mama watoto hajashawishika. "Baba watoto," aliniuliza juzi, "hicho chuma ndicho umeoa?" Nilimwonyesha keria ya mbele, ambamo kuku wake mwekundu ametengeneza kiota na anataga bila kukosa. Mayai hayo yanaliwa nyumbani kwake. Pikipiki iliyobuniwa kwa kilimo imerudi kwenye kilimo, na bado anauliza faida yake!

Adui wa kweli ni mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Mwezi wa Januari 2022 biashara hiyo ilisimamishwa nchi nzima baada ya nguzo za stima kuharibiwa, nasi tukalala usingizi. Mwezi wa Mei ikafunguliwa tena, na mizani ikarudi kupita njiani. Wiki iliyopita mmoja aliingia uani bila kubisha. Akaizunguka AG, akaligonga tangi, akataja bei kwa kilo, bei ya kumtukana hata kuku. Nilimwambia injini ni nzima. Akacheka, akapiga kiki mara moja, kwa dharau. Injini ikakohoa.

Akanyamaza. Akapiga tena, haikukohoa. Akainama akanusa plagi, akauliza ni nani aliyeifunga magneto hii, maana huyo mtu amekosea muda wa cheche. Fundi, aliyekuwa chini ya mparachichi, akasimama akisema hakukosea chochote. Mwalimu mstaafu akatokeza kichwa juu ya ua. Mnunuzi akalaza mizani yake kwenye nyasi, akakunja mikono ya shati, akaomba spana namba 10.