Katika Kuusifu Mkojo

Washairi wetu wameisifu bahari, wameusifu mnazi na mpenzi mwenye jicho la paa, lakini mbele ya mkojo wamepita kimya, kana kwamba kitu kisichoweza kutajwa mbele ya wakwe hakina fadhila ya kutajwa popote; basi leo, kwa idhini ya msomaji muungwana, dhalili huyu apate wakili.

Nasaba yake si haba. Mwaka 1669, mjini Hamburg, Hennig Brand aliuchemsha kwa tamaa ya dhahabu, akapata badala yake kitu kilichong'aa gizani, nacho ni fosforasi, ambayo pasipo hiyo muhindi hautii mizizi wala mtama hauzai punje. Laiti angalikuja kwenye machimbo ya Buhemba, angaliipata dhahabu yake, na elimu ingalikula hasara.

Ukarimu wake je? Tajiri na fukara huwapa sawasawa, lita moja hadi moja na nusu kwa siku, bila foleni wala stakabadhi, na ndani yake imo zaidi ya nusu ya fosforasi yote iutokayo mwili. Mkulima wa Bunda, ambaye ameiaga hazina hiyo alfajiri nyuma ya nyumba, huenda dukani saa tatu kununua mfuko wa mbolea ya Minjingu, ambayo asili yake, kwa hisani yako, ni mavi ya ndege wa kale yaliyogeuka jiwe kando ya Ziwa Manyara. Cha ndege aliyekufa dahari nyingi twakilipia. Cha kwetu twakionea kinyaa.

Nao, kwa upole wake, haulipi kisasi. Musoma, mji uliokaa juu ya majabali ambamo kuchimba shimo refu la choo ni kazi ya nyundo, huuacha uteremke na mvua hadi ziwani, na huko huwakirimu magugu maji, wageni walioingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, wakanenepa hata mtumbwi ukakwama na sato akakosa pumzi. Kisha maji ya ziwa hilohilo husukumwa kutoka Mugango hadi Butiama, kwao Mwalimu Nyerere, yakiwa yamesafishwa kwanza kwa gharama. Hivyo twalipa kuukosa shambani, na twalipa tena kuuondoa kikombeni.

Dawa ya hasara hiyo ni nyepesi hata yatia haya. Ukitiwa chumvi ya magnesiamu, hutuama fuwele nyeupe za struviti, mbolea kavu isiyonuka, kama walivyofanya Durban. Na asiye na magnesiamu aufungie katika dumu miezi 6, auzimue kwa maji, aumwagie shinani mwa muhindi, si majanini. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilituhimiza kuchimba vyoo, nasi kwa utii tukachimba. Kuuzika mkojo humo tuliongeza wenyewe.

Dumu la lita 20, mtu mzima mmoja hulijaza kwa majuma mawili au matatu.