Kibao cha Bwana Kiboko

Hapo kale, katika nchi iliyokuwa ng'ambo ya milima saba, aliishi Bwana Kiboko, mwenye mashamba yaliyoanzia kileleni mwa kilima na kuishia pale macho yanapochoka kutazama. Mali hakukosa, ila maji yalimtoroka kila kiangazi. Kijito kilichokatiza shambani mwake kilifurika masika, kikakauka kabla mahindi hayajabeba. Basi akawaita mchwa, mafundi wa udongo wasio na mfano katika nchi ile, akawataka wamjengee lambo, ili maji ya mvua yalale kwake yasiteremke kwa wengine.

Mchwa walifanya kazi kama walivyorithishwa na wahenga wao. Walikwangua majani na mizizi yote mahali tuta litakapokaa, wakachimba mtaro mpaka kwenye udongo mgumu, wakaujaza mfinyanzi, kisha wakapandisha tuta tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likinyunyiziwa maji kidogo na kushindiliwa barabara kabla ya jingine kuwekwa. Pembeni wakachonga utoro wa maji, mfereji mpana ulio chini ya mgongo wa tuta kwa dhiraa 3, ili mvua ikizidi, maji yapate mlango wa kutokea. Fundi mkuu, ajuza wa kichuguu, alimwambia mwenye mali kabla ya kupokea ujira: "Bwana, tuta la udongo huvumilia mengi, ila mambo mawili haliyawezi: maji kulipita juu na maji kulipenya tumboni. Utoro usizibwe, miti isioteshwe mgongoni, na mchimba mashimo asipewe makao." Kiboko aliitikia naam, naam, na huku moyoni anahesabu ekari.

Nchi ile ilikuwa na Baraza la Maji, na Baraza lilikuwa na mkaguzi mmoja tu, Korongo, mwenye miguu mirefu na daftari kwapani. Sheria ilimtaka aulize maswali mawili kwa kila lambo. La kwanza: likivunjika, nani atakufa? La pili: lina afya gani? Ni maswali mbalimbali kabisa, kwani tuta imara lililo juu ya mji huitwa la hatari kubwa, na tuta bovu lililo juu ya pori tupu huitwa la hatari ndogo. Siku ile Korongo alitazama bondeni, akaona nyasi na mapito ya nyumbu, akaandika kwa haki: hatari ndogo. Alipotaka kushuka kitakoni mwa tuta ili alijibu swali la pili, Ngedere, karani wa shamba, alimfunulia kifungu cha sheria: tuta lisilofika dhiraa 20, likiwa katika shamba la mtu binafsi, halikaguliwi ila kwa idhini ya mwenyewe. Wakapima. Kamba ilishushwa upande wa maji, ambako ardhi imeinuka, badala ya upande wa bondeni inakotakiwa, ikasoma dhiraa 19. Korongo aliona kamba iliposhushwa. Lakini alikuwa na malambo 300 ya kuyazungukia kabla ya mvua, akafunga daftari akaenda zake.

Kiboko akachongesha kibao chenye maneno mawili, HATARI NDOGO, akakipigilia langoni.

Ukaja ukame wa miaka mitatu. Sungura, digidigi, pimbi na kanga wakahama makwao wakitafuta kibarua, na Kiboko, aliyehitaji mikono ya kuvuna, akawakodisha viwanja bondeni, chini ya lambo lake. Wazee walipouliza habari za ule ukuta wa udongo ulio juu ya vichwa vyao, Ngedere aliwaonyesha kibao. Wakakisoma, wakashusha mizigo.

Hapa ndipo penye kiini cha msiba, nami sitapita haraka. Kibao kile kilisema hatari ni ndogo kwa sababu bondeni hapakuwa na mtu, na watu wakahamia bondeni kwa sababu ya kibao. Siku kibanda cha kwanza kilipopata paa, maneno yale yalikoma kuwa kweli, na kila mtoto aliyezaliwa pale aliyazidishia uongo, ingawa rangi yake ilikuwa ingali inang'aa. Hakuna aliyebadilisha hata herufi. Korongo hakurudi, kwa kuwa daftari lake lilimwambia kwamba malambo ya hatari ndogo hukaguliwa baada ya mengine yote. Kiboko naye alizoea kuwaambia wageni wake kwamba Baraza limelipima tuta na kulisifu, wala hakuwa anadanganya kwa kukusudia. Alikwisha kuamini kwamba jibu la swali la kwanza ni jibu la la pili.

Tamaa nayo haikukaa kimya. Ukame ulipomkausha koo, Kiboko aliagiza utoro wa maji uzibwe kwa mawe na magunia ya udongo, ili lambo libebe zaidi kwa dhiraa 2. Akapanda mikaratusi juu ya tuta apate kivuli cha kupunga upepo jioni, na mizizi ikajitafutia njia ndani ya mfinyanzi. Panya buku wakaona udongo laini, wakachimba. Yote matatu aliyokatazwa yakatimia, na kwa macho ya mpita njia lambo halijawahi kupendeza kama mwaka ule.

Aliyeona vingine ni Bibi Digidigi, aliyekuwa akifulia kwenye kijichirizi kilichotoka kitakoni mwa tuta. Miaka yote maji yale yalikuwa maangavu, naye hakuyaogopa, kwani tuta la udongo halikosi kutoa jasho. Lakini wiki ya pili ya masika alianika kanga nyeupe, ikakauka na madoa mekundu. Akakinga maji kwa kata, akayaacha yatulie, na chini ya kata pakabaki udongo mzito kiasi cha kidole. Akaelewa kwamba maji hayapiti tena tupu, yanatoka na tumbo la tuta. Akapanda mpaka ofisini na kata yake mkononi.

"Shikamoo, karani. Tuta linatapika udongo."

"Marahaba. Wewe mama, kibao langoni hukukiona?"

"Nimekiona, baba. Nimekuletea udongo nawe uuone."

Ngedere hakutazama ndani ya kata.

Usiku wa tatu yake mvua ilinyesha bila kupumzika. Maji yalipanda, yakaufuata utoro yakakuta magunia, yakarudi na kupita juu ya mgongo wa tuta, upande ule ule uliokuwa umekwisha kuliwa ndani. Yalichimba korongo upande wa bondeni, korongo likarudi nyuma likimeza udongo mpaka likayafikia maji yenyewe, na kabla ya jogoo la kwanza lambo zima lilikuwa limeshuka. Bondeni walikuwa wamelala. Waliozikwa walikuwa wengi, na zaidi ya nusu yao watoto.

Mfalme alipoketi kuamua, kila mmoja alikuja na karatasi ya kweli: Korongo na daftari lake, Ngedere na kifungu chake, Kiboko na kibao, ambacho maji hayakukifikia. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Mimi nasema walikosa wote. Korongo alikosa kwa kuinyamazia kamba, Ngedere kwa kutoitazama kata, na Kiboko amekosa kuliko wote, maana aliambiwa kwa kinywa cha fundi wake utoro ni wa nini, akauziba, kisha akapokea kodi ya viwanja vilivyo chini yake.

Malambo 299 yaliyobaki yangali yana mkaguzi mmoja. Bondeni mwa mengi yake sasa pana vijiji, vibao vyake havijaandikwa upya, na masika yanaanza mwezi ujao.