Lumbesa ya GB: Barua ya Wazi kwa Mlinzi wa Vipimo

Mheshimiwa Mlinzi Mkuu wa Vipimo,
Ofisini kwako.

YAH: OMBI LA KUPELEKA MAFANIKIO YA GB KWENYE SEKTA YA VIAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pokea pongezi. Gunia la viazi lisizidi kilo 100, mmesema, na lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, mmeipiga vita sokoni na barabarani. Mizani ya muuza nyama inakaguliwa, pampu ya mafuta inakaguliwa. Imebaki bidhaa moja tu sokoni ambayo kipimo chake huandikwa na yeyote mwenye wino, na matokeo yake ni mazuri kiasi kwamba naona uchoyo kuwanyima wafanyabiashara wengine.

Nilinunua Kariakoo kiredio cha mfukoni cha MP3. Boksi liliandikwa GB 16. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, alikichomeka kwenye kompyuta, nayo ikasoma GB 16 palepale. "Umejionea mwenyewe, mzee wangu." Nikaingiza nyimbo, na mia kadhaa za mwanzo zikaimba bila kasoro. Kutoka hapo majina yaliendelea kujipanga kwenye kioo, lakini nyimbo hazikuwamo. Taarab ya dakika 12 ilikatika wapiga fidla wakiwa bado wanamkaribisha mwimbaji. Kaswida ikawa mkwaruzo mtupu.

Fundi alikifungua akanieleza, nami nakufikishia maelezo yake kwa faida ya ofisi. Ndani mna chipu inayohifadhi nyimbo, na chipu nyingine, kidhibiti, inayoiambia kompyuta kuna nafasi kiasi gani. Kompyuta haipimi. Inauliza, inajibiwa, inaamini. Mchakachuaji haongezi nafasi hata chembe. Anaandika upya programu ya kidhibiti ili kijibu 16 mahali pa 2. Majina ya nyimbo huwekwa kwenye jedwali dogo mwanzoni mwa kumbukumbu, sehemu ambayo ipo kweli, ndiyo maana yote yanaonekana. Nyimbo zinazovuka GB 2 ama zinapotelea hewani, ama zinaandikwa juu ya zilizotangulia. Kifaa hakiguni. Kinatangaza kwamba kunakili kumekamilika.

Kijana wa dukani alinijibu kuwa hiyo ni "hesabu ya kompyuta". Kusema haki, hesabu hiyo ipo. Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000, wakati Windows huhesabu 1,073,741,824, kwa hiyo GB 16 halali husomeka kama 14.9. Pengo hilo ni kama asilimia 7, na watu wameshapelekana mahakamani Marekani kwa ajili yake. Langu ni pengo la asilimia 87 na nusu. La kwanza ni ubishi wa hesabu. La pili ni kesi ya polisi.

Wenye umri wangu tulizoea namba zenye nidhamu. Kaseti iliyoandikwa 60 ilikuwa na dakika 30 kila upande, na ya 90 ilikuwa na 45. Ungeweza kuilaumu kwa kujiviringisha kwenye redio au kwa kuimba kama mlevi betri zikiisha, lakini dakika zako zilikuwamo. Uongo wa kaseti ungejulikana siku hiyohiyo, maana utepe unaonekana kwa macho. GB haionekani, na penye kisichoonekana ndipo mlinzi wa vipimo anapohitajika zaidi.

Kwa kuwa hali hii imeachwa iendelee, naomba usawa. Wauza viazi nao waruhusiwe kuuza kwa kipimo hikihiki: gunia liandikwe kilo 100, ndani mkae kilo 12 na nusu. Mnunuzi akilalamika aonyeshwe orodha ya viazi vyote vilivyokusudiwa kuwemo, kila kimoja na jina lake. Akiendelea, ajibiwe kuwa mizani yake haielewi hesabu za kisasa. Tukifanya hivyo, tatizo la lumbesa litakuwa limekwisha kabisa.

Kama pendekezo hili litaonekana zito, ipo njia nyingine, nayo haihitaji maabara. Wajerumani wa jarida la c't walitoa zamani programu ndogo ya bure iitwayo H2testw. Inajaza kifaa chote data za majaribio, kisha inazisoma tena na kulinganisha. Wenye Linux wanayo F3, ya bure pia. Kazi inaweza kuchukua zaidi ya saa nzima, lakini mwisho wake hakuna porojo: kimehifadhi au hakikuhifadhi.

Fundi wangu alitumia hiyo F3. Alipopata ukubwa halisi alitenga GB 2 peke yake, kompyuta isiandike kitu nje ya mpaka huo. Kiredio sasa kinaimba kila kilichomo. Alinionya nisikifomati kwa menyu yake chenyewe, maana kidhibiti bado kinaamini ni 16 na uongo unaweza kurudi. Angalia basi matengenezo yenyewe, Mheshimiwa: hakuna waya uliounganishwa, hakuna chipu iliyobadilishwa. Nimemlipa mtu ili bidhaa mpya ikome kudanganya. Kazi hiyo ilipaswa kufanyika kabla haijafika dukani, na mshahara wa kuifanya tunaulipa tayari kupitia kodi.

Ninachoomba hakizidi anachopewa mnunuzi wa nyanya. Mtumeni afisa mmoja na kompyuta moja, anunue kifaa kimoja katika kila shehena, akijaze, akisome. Kikifaulu, kibandikeni stika. Kisipofaulu, shehena yote iandikwe namba yake ya kweli, na ambaye ameshauziwa arudishiwe fedha bila kuulizwa amekichokonoa kwa nini.



Wako katika ujenzi wa taifa,
Mlipaji wa GB 16, mmiliki wa GB 2

Nakala:
– Umoja wa Wauza Viazi, utakapoundwa kuidai haki hii;
– Mwenye kiwanda, kwa anwani iliyoandikwa kwenye boksi, yaani hakuna.