Nungunungu na Mashtaka ya Mama Kuku

Katika kijiji cha Mbugani palikuwa na sheria ambayo kila mnyama aliijua: anayeuza kitu kikadhuru wenziwe, huitwa barazani kujibu. Nyuki aliuza asali iliyotiwa maji ya bwawani, wateja wakaharisha, akalipa. Mchwa alijenga ghala, likaporomoka na kumvunja Swala mguu, akalipa. Hakuna aliyelalamika kwamba ameonewa. Tangu siku hizo Nyuki akawa anachuja asali yake, na Mchwa hakusimamisha tena nguzo mbovu.

Kisha Nungunungu akafungua karakana ya miiba ya kurusha. Mwanzoni aliwauzia waliotaka kulinda mashamba na watoto wao, na haja hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini mwenye shamba akishanunua mwiba wake, harudi dukani upesi. Nungunungu akawageukia vijana. Akaunda mwiba mpya uliochoma wengi kwa mara moja, akatundika ubao sokoni: "Dume asiye na mwiba ni nusu dume." Tumbili waliokuwa wakichekwa kwa unyonge wakawa wanasimama mbele ya ubao ule mchana kutwa.

Maziko yakaongezeka. Vitongoji kadhaa vikamshtaki fundi. Hapo akainuka Sungura, wakili wake. "Waheshimiwa wazee," alisema, "mwiba haujirushi. Mshtakini aliyerusha. Mkimfilisi Bwana Nungunungu, siku Simba akija mtajikinga kwa kitu gani?"

Wajumbe wengi walikuwa wamekula karamu nyumbani kwa Nungunungu. Wakapitisha amri: fundi wa miiba hatashtakiwa kwa kosa la mrushaji. Nyuki akauliza kama na yeye amesamehewa makosa ya asali. Akaambiwa akae chini.

Asubuhi moja tumbili kijana alichukua mwiba ambao mama yake aliununua. Akamuua mama huyo, kisha akaenda mahali vifaranga walipokuwa wakifundishwa. Walikufa vifaranga ishirini na walezi sita. Halafu tumbili akajiua.

Mama Kuku akaenda barazani. Sungura akaisoma amri kwa sauti na kusema, "Mama, pole sana, lakini mshtaki aliyerusha."

"Aliyerusha amekufa," Mama Kuku akajibu. "Mwanangu naye amekufa. Mliobaki hai ni ninyi na Nungunungu. Sikuja kusema kwamba yeye ndiye aliyerusha. Nataka kujua ule ubao wa sokoni uliandikiwa nani. Ukiona vyaelea, vimeundwa."

Mzee Kobe aliisoma amri polepole mpaka mstari wa mwisho. "Wenzangu, pana mlango mdogo hapa," akasema. "Fundi aliyevunja sheria ya soko kwa kujua, huyo atajibu. Na sheria ya soko inakataza kunadi bidhaa kwa kuchochea ukatili." Wazee walikuwa saba. Wanne wakasema kesi isikilizwe, watatu wakakataa.

Kabla ya hukumu, waliomdhamini Nungunungu walikubali kulipa magunia sabini na matatu. Mama Kuku hakutosheka na magunia. Alidai apewe nyaraka za karakana na ruhusa ya kuzisoma hadharani, ili kila mzazi ajue jinsi miiba ile ilivyonadiwa. Akapewa.

Habari zikavuka mto. Bonde la ng'ambo, ambako miiba iliuzwa chini ya ulinzi wa askari tu, lilikuwa limejaa miiba ya Mbugani iliyovushwa usiku na Fisi. Wenyeji wake nao wakamshtaki Nungunungu na mafundi wenzake. Wazee tisa wa baraza la juu kabisa wakajibu kwa kauli moja: haitoshi kusema mafundi walijua kwamba miiba yao humfikia Fisi, onyesheni walivyomsaidia kwa kusudi. Kesi ikafungwa kabla ya shahidi hata mmoja kuitwa.

Msomaji, Mbugani ni Marekani. Katika miaka ya mwisho ya 1990, miji kama New Orleans na Chicago iliwashtaki watengenezaji wa bunduki, na Bunge likajibu kwa Sheria ya Kulinda Biashara Halali ya Silaha, ambayo Rais George W. Bush aliitia saini Oktoba 2005. Vifaranga ni watoto 20 wa shule ya msingi ya Sandy Hook, mjini Newtown, jimbo la Connecticut, waliouawa pamoja na watu wazima 6 tarehe 14 Desemba 2012. Ubao wa sokoni ni matangazo ya bunduki za Bushmaster, za kampuni ya Remington, yaliyomwambia mnunuzi kwamba kwa bunduki hiyo atarudishiwa uanaume wake. Mahakama ya Juu ya Connecticut iliruhusu kesi ya familia za waliouawa iendelee mwaka 2019, na mwaka 2022 kampuni za bima za Remington zilikubali kuzilipa familia tisa dola milioni 73. Bonde la ng'ambo ni Mexico, ambayo kesi yake dhidi ya Smith & Wesson na wenzake ilitupwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 2025.

Familia za Newtown zilipita kwenye mlango mdogo, tena baada ya karibu miaka kumi. Wafiwa wengine wengi hufika mahakamani wakaukuta umefungwa. Hakuna anayedai kwamba kila bunduki inayoua imtie hatiani aliyeiunda. Kinachodaiwa ni kwamba mtengenezaji wa bunduki asimame mahakamani kama anavyosimama wa gari na wa dawa, aulizwe alimuuzia nani na kwa maneno gani. Kama hana kosa, mahakama itamwachia. Bunge lililoiweka kinga hii ndilo lenye uwezo wa kuiondoa, na liiondoe. Biashara isiyolipia madhara yake haina sababu ya kujihadhari, na gharama yake huwaangukia wazazi wanaozika.