Namna ya Kutoka Ndani ya vi Kabla SNEL Haijakutoa

Kolwezi tuna njia nne za kutoka ndani ya kihariri cha maandishi kiitwacho vi. Ya kwanza ni kufunga dirisha zima na kumwachia Mungu yaliyobaki. Ya pili ni kumwita yaya, yaani kaka mkubwa, wa chumba cha seva, naye huja, hubonyeza vitufe viwili vitatu, huondoka bila kueleza amefanya nini. Ya tatu ni kuchomoa waya ukutani. Ya nne ni kukaa kimya mbele ya skrini nyeusi hadi zamu ya delestaji, yaani mgao wa umeme, ifike, SNEL, shirika letu la umeme, ikate, na kihariri kizimike pamoja na taa za komuni nzima ya Manika. Mwongozo huu unafundisha ya tano.

Nimeuandika kwa ajili ya kijana aliyemaliza chuo juzi, akapata kazi kwa mkandarasi wa mgodi, kisha akaambiwa, "Shefu, badilisha mstari mmoja tu kwenye hii faili." Mstari ameubadilisha kwa sekunde kumi. Sasa giza limeingia, basi la zamu linapiga honi nje, na yeye bado yumo ndani ya faili. Simcheki. Nataka alipande lile basi.

Kwanza, jua uko katika hali gani

vi ina hali tatu zinazokuhusu. Huamka katika hali ya amri, na humo kila herufi ni agizo: x inafuta herufi moja, dd inafuta mstari mzima, u inarudisha ulichoharibu. Ukibonyeza i unaingia hali ya kuingiza, ambamo herufi ni herufi tu na unaandika kama kawaida. Ukiwa katika hali ya amri ukabonyeza nukta mbili, mshale unashuka chini kabisa ya skrini kungoja agizo refu: :w kuhifadhi, :q kutoka, :wq yote mawili, :q! kutoka na kuyatupa mabadiliko. Popote ulipo, Esc inakurudisha kwenye hali ya amri.

Watu hulalamika kwamba kitufe kimoja kuwa na kazi mbili ni uchawi. Mkaaji wa Kolwezi hana haki ya kushangaa. Tangu 1982 umeme wa bwawa la Inga unatufikia kwa laini ya kilomita 1,700 hivi, nao husafiri njia nzima kama mkondo mnyoofu wa kilovolti 500. Hakuna pampu wala taa ya mji huu inayoweza kuutumia ulivyo. Lazima kituo cha Kolwezi kiugeuze kuwa mkondo geu kwanza. Umeme ni uleule, hali ndiyo tofauti, na katikati pana mahali pa kugeuzia. Esc ndicho kituo chako. Ukiwa na shaka, ibonyeze. Ukiwa bado na shaka, ibonyeze tena: kompyuta ikilia pii, furahi, umeshafika hali ya amri.

Aliyeyapanga hivi ni Bill Joy, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Mwaka 1976 alianza kuandika kihariri cha ex, na vi ikawa hali yake ya kuonyesha ukurasa mzima. Terminali yake ilikuwa Lear Siegler ADM-3A. Mishale yake ilichorwa juu ya vitufe vya H, J, K na L, ndiyo maana hadi leo unatembea ndani ya vi kwa herufi hizo; na Esc ilikaa pale ilipo Tab sasa, karibu kabisa na kidole. Nyumbani alitumia modemu ya biti 300 kwa sekunde. Piga hesabu: hizo ni herufi kama 30 kwa sekunde. Skrini ya mistari 24 yenye nafasi 80 kila mmoja ina herufi 1,920, kwa hiyo kuijaza mara moja tu kulimla zaidi ya dakika nzima. Mtu mwenye laini kama hiyo hachori menyu. Anaunda amri za herufi moja au mbili, na anahakikisha kinachosafirishwa ni kile kilichobadilika peke yake.

Hapo ndipo mapenzi yangu kwa vi yanapoanzia. Kilitengenezwa na mtu mwenye mtandao mbaya kwa ajili ya watu wenye mtandao mbaya. Fundi aliyeko Fungurume, anayerekebisha seva ya Lubumbashi kwa intaneti ya simu inayokuja na kwenda, hahitaji kihariri chenye picha na rangi. Anahitaji hiki.

Kibodi ya Kifaransa, seva ya Kimarekani

Vitabu vingi vya vi vimeandikwa na watu wa kibodi ya QWERTY. Sisi tunatumia AZERTY. Ukiingia kwenye seva kutoka kompyuta yako, hakuna neno, kwa sababu kinachosafiri ni herufi zenyewe. Balaa linaanza siku unapokaa mbele ya seva yenyewe, na aliyeifunga aliiacha katika mpangilio wa Marekani. Hapo kilichoandikwa juu ya kitufe na kinachofika ndani ni vitu viwili.

Fuatana nami polepole. Umefuta mstari mmoja kwa dd, umebonyeza Esc, unaandika :wq. Kitufe cha nukta mbili kinapeleka nukta moja. Kitufe cha W kinapeleka z. Kitufe cha Q kinapeleka a. Kihariri kimepokea .za, na ndani ya vi nukta maana yake ni kurudia badiliko la mwisho. Badiliko lako la mwisho lilikuwa kufuta mstari. Basi mstari mwingine umekwenda. Hizo z na a zinaulizia mikunjo ya maandishi ambayo haipo, kihariri kinalalamika kwa maandishi mekundu, na wewe, kwa kuona hujatoka, unaandika :wq tena. Mstari mwingine umekwenda. Unaandika kwa nguvu zaidi. Mwingine. Faili inakonda mbele ya macho yako kwa kila jaribio la kuihifadhi. Hatimaye unakata tamaa na kuandika :q!, nayo inafika kama .a/, yaani: futa mstari mmoja zaidi, ingia hali ya kuingiza, andika mkwaju. Umezidi kuzama.

Tulia. Esc haijahama mahali pake, na u pia haijahama. Bonyeza Esc, kisha u mara nyingi kadiri inavyohitajika, na mistari yote itarudi mmoja mmoja. Sasa toka kwa ramani hii: nukta mbili za kweli ziko kwenye Shift na kitufe kilichoandikwa M, w iko kwenye kitufe cha Z, q iko kwenye kitufe cha A, alama ya mshangao ni Shift na kitufe cha 1. Kuna pia njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote. Shika Shift, bonyeza kitufe cha W mara mbili: kihariri kinapokea ZZ, kinahifadhi na kutoka. Shift na W kisha A inafika kama ZQ, na hiyo ni kutoka bila kuhifadhi. Iandike ramani hii kwenye kipande cha karatasi na ukibandike chini ya skrini ya seva. Atakayekuja baada yako atakuombea.

Ukishatoka, ponya ugonjwa wenyewe. Amri inayorudisha kibodi ya Kifaransa ni loadkeys fr, ukiwa na mamlaka ya msimamizi wa seva. Kwa kuwa kibodi bado imepotoka, wewe utabonyeza loqdkeys fr. Usicheke mpaka imefanya kazi.

Skrini isiyorudi nyumbani

Kabla vi haijakuonyesha mstari wa kwanza, inafanya mambo mawili kimyakimya. Inakiambia kiini cha mfumo kiache kukusanya herufi mpaka Enter, kiache kuzionyesha zinapobonyezwa, na kiilete kila moja mbichi papo hapo. Kisha inaiambia terminali iweke kando ukurasa uliokuwepo na kuipa vi skrini ya pili, tupu. Ikitoka vizuri inarudisha vyote viwili. Ndiyo sababu baada ya :q amri zako za mwanzo zinaonekana tena zilivyokuwa. Ikiuawa ghafla, hakuna wa kurudisha. Terminali haijui kwamba kihariri kimekufa. Inaendelea kutii agizo la mwisho ililopewa.

Ndivyo inavyokuwa mtandao unapokatika katikati ya kazi. Sura ya faili imeganda kwenye skrini. Ukibonyeza mshale wa juu zinatoka alama za mabano, ukisogeza kipanya zinamwagika namba. Watu wengi hapa huzima kompyuta. Usizime. Kama bado umenaswa ndani ya ssh, programu iliyokuunganisha na seva, nayo imekufa, bonyeza Enter, kisha ~, kisha nukta, nayo itakata. Alama hiyo ya ~ kwenye AZERTY ni AltGr na kitufe cha 2, na kwenye baadhi ya kibodi haitoki mpaka uongeze nafasi.

Kisha andika reset, hata kama huoni unachoandika. Enter ikikataa, tumia Ctrl-J badala yake, kabla na baada ya neno. Kwa siku ile ya kibodi iliyopotoka, kumbuka kwamba r, e, s na t zinakaa mahali pamoja kwenye AZERTY na QWERTY, kwa hiyo amri hii unaweza kuipiga gizani kwenye kibodi yoyote ya mji huu. stty sane nayo ni nzuri, lakini inatengeneza upande wa kiini cha mfumo peke yake, na ina a ndani yake. Ukitaka kuondoka kwenye skrini ya pili tu bila kufuta mengine, andika tput rmcup. Hakuna mabano wala mikwaju ya kutafuta kwa AltGr.

Skrini ikiganda na mtandao upo, huenda ulibonyeza Ctrl-S ukidhani unahifadhi kama kwenye Word. Kwa terminali nyingi hiyo ni ishara ya kusimama. Ctrl-Q inaiamsha. Na ukimwaga kwa cat faili isiyo ya maandishi, herufi zote zikageuka vipande vya fremu, dawa ni ileile: reset.

Umeme umerudi, faili je?

Kwenye mashine nyingi za leo, ukiandika vi unapewa Vim, mtoto wake. Vim huandika nakala ya dharura kando ya faili yako, yenye jina linaloishia na .swp, na mpangilio usipobadilishwa, huisasisha baada ya herufi 200 au ukitulia sekunde nne. Umeme ukikatika unapoteza sentensi, hupotezi siku. Lakini ukiifungua faili tena unakutana na ukurasa mrefu wenye namba E325, na mkono unakimbilia kitufe chochote ili uondoke. Naomba uusome. Unakueleza kama mchakato wa zamani bado unaendelea. Mchakato huo ukiwa bado unaendelea, kuna mtu wa zamu nyingine ndani ya faili hiyo sasa hivi: bonyeza Q, mtafute, ongeeni. Kama haupo tena, bonyeza R uokoe maandishi, yakague, yahifadhi, kisha ufute ile .swp ili usiulizwe kila asubuhi.

Fungua Vim bila kutaja faili na utaona skrini inayotaja watoto wa Uganda. Iliwekwa na Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim kwa umma mwaka 1991. Mwaka 1994 alikaa mwaka mzima Kibaale, mji mdogo wa wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, akijitolea kama mhandisi wa maji na usafi katika kituo cha watoto. Ukimwi ulikuwa umewaacha yatima wengi eneo lile. Hakuuza programu yake. Aliwaomba wanaoitumia wawakumbuke watoto wa Kibaale, na aliendelea kuomba hivyo hadi alipofariki tarehe 3 Agosti 2023. Ukiwa ndani, andika :help iccf usome alivyoeleza mwenyewe. Sijui mhandisi mwingine aliyeweka mji mdogo wa maziwa yetu makuu kwenye skrini za seva za dunia nzima.

Bado kuna kinga inayotangulia tiba zote hizi. Ukishaingia kwenye seva, kabla ya kugusa vi, andika tmux. Kuanzia hapo kihariri kinaishi ndani ya seva, na terminali yako ni ya kutazamia tu. Mtandao ukikatika, kompyuta yako ikizimika, kihariri hakina habari. Ukitaka kuondoka mwenyewe bonyeza Ctrl-B kisha d. Ukirudi, iwe kesho au kutoka kompyuta nyingine, andika tmux attach na kazi itakuwa pale ulipoiacha, hali ileile, mshale mahali pale pale. Mnaosimamia seva za zamu, iwekeni kabla ya kumpa mtu yeyote nenosiri, na mumwonyeshe Ctrl-B na d siku ileile mnayomwonyesha choo kilipo.