Mboga za Jumapili Bila Kutoka Jasho

Nyama haihitaji msaada wako. Kuku akishapakwa chumvi, kitunguu saumu na pilipili, akawekwa juu ya makala, atasifiwa hata bawa moja likiungua. Michopo ya mbuzi unaweza kuinunua ikiwa imeiva, imefungwa kwenye karatasi, na hakuna atakayeuliza umeitoa wapi. Bukari nayo haitofautiani sana nyumba kwa nyumba. Unga wa mahindi umezoeleka hapa Likasi tangu enzi mji ulipoitwa Jadotville, kampuni ya madini ya Union Minière ilipokuwa ikiwagawia wafanyakazi wake kama sehemu ya posho. Watu wanapima nyumba kwa kinachokaa pembeni: sombe ya majani ya muhogo, lengalenga, majani ya maboga, kabeji. Hicho ndicho kinachomwamsha mama wa nyumba saa kumi na moja alfajiri na kumkalisha kando ya mbabula mpaka wenzake wameshanawa mikono.

Mimi nasema basi. Fuata haya, na saa saba mchana utakuwa umekaa na wageni wako, umevaa kitenge safi, unakula chakula kikiwa moto.

Kwanza, mkabidhi mtu nyama. Kila ukoo una mwanamume mmoja, mjomba au shemeji, anayeamini kwamba hakuna ajuaye kuchoma kama yeye. Usibishane naye. Mpe mbabula kubwa, kipande cha katoni cha kupepelea moto na kiti. Kila ukipita, simama, nusa, sema, "Yaya, leo umetuweza." Atakaa pale saa mbili bila kunung'unika, na wewe utabaki na moto mdogo na akili yako yote. Usisahau kwamba majivu yake pia ni yako. Fukia viazi vitamu na maganda yake pembeni ya makala, umwombe avigeuze anapogeuza nyama. Umeshapata sahani ya kwanza, na hujashika hata kisu.

Pili, sombe ipikwe Jumamosi. Hapa ndipo siku yote inapookolewa, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Hakuna sheria inayosema utwange mwenyewe. Sokoni kuna mashine, na kuna akina mama wenye kinu na mikono hodari kuliko yako. Lakini usinunue iliyokwisha kusagwa kwa mtu usiyemjua, kwa sababu moja tu: sombe ikishasagwa haioshwi tena. Kilichokuwa juu ya jani kimeingia ndani. Na hapa kwetu juu ya jani kuna vumbi la barabara za malori ya madini, na ukikaa upande wa Shituru kuna vumbi la kiwanda. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walichapisha vipimo vya watu wa Katanga wanaoishi jirani na migodi na viwanda: mkojo wao ulikuwa na kobalti nyingi mno, na ya watoto ilizidi ya wakubwa. Vumbi na mboga ni kati ya njia zinazoifikisha mwilini. Kwa hiyo katika mambo yote nitakayokuruhusu kuruka leo, kuosha hakumo.

Osha hivi. Jaza beseni maji mengi, tumbukiza majani, yasukesuke kwa mikono miwili, kisha yainue juu uyaweke kwenye beseni la pili. Usimwage maji ukiwa umeyaacha majani humo humo, maana mchanga uliotulia chini utarudi juu yake. Tazama chini ya beseni: ukiona wekundu, rudia. Mara tatu kwa kawaida zinatosha. Hayo yanaondoa vumbi. Kilichopanda kwa mizizi hakiondoki kwa maji, ndiyo maana inafaa kumuuliza muuzaji bustani yake iko wapi. Mama anayelima mbali na kiwanda atakujibu kwa fahari, na huyo ndiye wa kumfanya rafiki.

Majani yakishaoshwa, mpe mtoto ayapeleke kwenye mashine, wewe endelea na mambo yako. Jioni, watu wakishakula na makala yakiwa bado mekundu, teleka. Sombe mbichi ina sumu, na kinachoiondoa ni kusagwa vizuri kisha kuchemshwa bila mfuniko, mvuke upande uende zake. Chemsha hivyo nusu saa ya kwanza, maji tele, bila mafuta. Hapo pia hakuna mkato. Baada ya hapo tia kitunguu, puaro, mbilingani, pilipili hoho, mafuta ya mawese, na samaki mkavu kama yupo, uache itokote taratibu mpaka ufikishe saa moja na nusu au mbili. Soda weka kidogo sana, au usiweke kabisa ikiwa majani ni machanga. Ikizidi inaua vitamini na kuacha ladha ya sabuni.

Jumapili unaipasha tu. Sombe iliyolala imekunywa mafuta na chumvi yake, na hakika ni tamu kuliko iliyopikwa asubuhi. Kabla ya kuileta mezani, mimina kijiko kimoja cha mawese ya moto juu yake ing'ae. Mtu akikuuliza imechukua muda gani, mwambie saa mbili. Hajauliza siku.

Tatu, mama mkwe. Akifika mapema, usimfiche jikoni na usimpe kisu. Mletee kijiko: "Mama, onjeni chumvi." Ataonja, atafikiri, atasema inahitaji chumvi kidogo. Weka chembe tatu mbele ya macho yake. Tangu dakika hiyo ile sombe ni yake, na mtu yeyote atakayeikosoa mezani atajibiwa na yeye, si wewe.

Nne, lengalenga iwe ya mwisho kuingia motoni. Fungu linaloonekana kubwa sokoni litakuwa kiganja kimoja kwenye sufuria, kwa hiyo nunua mara mbili ya unachodhani, kisha dai matabishi, yale majani ya nyongeza. Usione haya. Muuzaji mwenyewe ameshayatenga, anasubiri uombe. Kaanga kitunguu na nyanya, weka majani na maji yale tu yaliyoyang'ang'ania baada ya kuoshwa, funika, hesabu dakika saba mpaka kumi. Chumvi mwishoni. Yakiwa bado ya kijani, epua. Matembele ni hivyo hivyo, ila nyanya ziwe nyingi kidogo kukata ule utelezi. Mgeni akikukuta unageuza majani ya kijani yanayofuka moshi, ataamini umekuwa hapo tangu alfajiri. Mwache aamini.

Tano, karanga. Karanga za kutwanga ni msamaha wa mpishi. Majani ya maboga yameiva kupita kiasi? Karanga. Umechanganya aina tatu kwa sababu hakuna iliyotosha? Karanga, na sasa ni pishi maalumu la nyumba yako. Nunua zilizotwangwa, zichemshe na maji kidogo na nyanya mpaka zianze kutoa mafuta, ndipo utie majani ambayo mtoto ameyatoa nyuzi za vikonyo. Moto uwe mdogo, maana karanga hushika chini upesi na hazisamehe kuungua. Zitazame kabla ya kununua: za ukungu, zilizobadilika rangi au zenye uchungu mdomoni ziache palepale, kwani sumu ya ule ukungu haiondoki kwa kupikwa.

Sita, kitu kimoja kisiguse moto kabisa. Kata kabeji nyembamba kama uzi, inyunyizie chumvi, ikande kwa vidole mpaka ilegee, ikamue, itie ndimu, karoti iliyokunwa na pilipili. Kisu chenye makali ndicho siri yote: kabeji nene ni chakula cha haraka, kabeji nyembamba ni ufundi, na tofauti yake ni dakika tano za kunoa. Kwa kuwa inaliwa mbichi, ioshe kwa maji uliyoyachemsha. Karibu na nyama ya kuchoma hii ndiyo inayoisha kwanza, na katika kiangazi cha baridi, mwezi wa sita na wa saba, kabeji za bustani za mabondeni huwa nzuri sana.

Mvua zikiwa zimeanza, una bahati nyingine: uyoga. Misitu yetu ya miombo hutoa aina nyingi, na kwenye vichuguu huota ule mkubwa ambao kofia yake inaweza kukaribia upana wa mita moja. Nunua mmoja kwa akina mama wa barabarani, uukate vipande, kitunguu, mafuta, basi. Meza nzima itazungumzia ukubwa wake na kusahau kuhesabu sahani nyingine. Usiokote mwenyewe kama hukufundishwa na mtu anayeujua. Uyoga wenye sumu hauna alama moja unayoweza kuikariri.

Saba, kile ambacho shangazi anakitazamia: kikanda. Usijaribu kukipika. Kutwanga vile viazi vya okidi, kupima unga wa karanga, soda na pilipili, kukoroga mpaka kigande, ni kazi ya mtu aliyeizoea, na mtu huyo yupo sokoni na sinia lake. Kinunue, kikate vipande vyembamba, kipange kwa duara kwenye sahani yenye maua. Lakini nunua kidogo, cha kuonja. Viazi vyake vinachimbwa porini, na ukivichimba mmea umekufa. Ulaji wa kikanda huko Zambia peke yake umefanya okidi zichimbwe mpaka nyanda za Kitulo, kusini mwa Tanzania, ambako hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 2005. Ningependa wajukuu wa shangazi nao wakionje.

Sasa mezani. Toa yale mabakuli yenye mifuniko yaliyofungiwa kabatini yakisubiri harusi. Hakuna harusi iliyo muhimu kuliko ndugu zako kukaa pamoja. Mboga zote zifunikwe mpaka sala iishe, kisha zifunuliwe kwa mara moja, ili harufu ya mawese, karanga na ndimu iwafikie wote kwa pamoja. Usitangaze ulichopika na usiombe radhi kwa ambacho hukupika. Sahani tano zikifunuliwa mara moja hakuna anayetafuta ya sita.

Kisha kaa chini. Mtu akitaka maji, mtungi anauona. Akitaka pilipili, anajua jikoni ni wapi. Wewe mega bukari yako ingali moto, uchovye kwenye sombe yako ya Jumamosi, uwasikilize wanavyomsifu mjomba kwa kuku wake. Mwunge mkono kwa sauti kubwa kuliko wote, maana vyombo ataviosha yeye.